Rekodi ya Baba Yake Denise

Nestor, bado upo kwenye kompyuta? Nimemharibia Mudrick.

Unajua leo alinituma Maplewood, niwe mshenga wake kwa baba yake Denise. Yule mzee alicheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa miaka ya sitini. Kazi yake ilikuwa kukimbia na mpira. Basi nikajiandaa: wiki nzima nimekaa maktaba na vitabu vya rekodi, nikajaza daftari.

Nikasimama mbele ya familia, nikamsifu. Alikimbia na mpira yadi 219 katika mechi moja, rekodi ya timu yake! Mzee akatabasamu. Ningekaa chini hapo, Nestor. Ningekaa tu.

Nikaendelea kusoma: "Ikavunjwa mwaka 1977, kwa yadi nne."

Denise akamgeukia: "Baba, si ulisema hakuna aliyewahi kuivunja?"

Hakuna aliyewahi kuivunja! Miaka ishirini binti anaamini hivyo. Ukutani kulikuwa na fremu yenye gazeti la siku alipoweka rekodi ile. Mzee akainuka, akaitungua, akailaza kifudifudi mezani. Akaniambia taratibu, "Umesoma vizuri, kijana."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Umesoma vizuri, kijana! Nikafunga daftari, nikaaga, nikatoka.

Mudrick alikuwa ananisubiri garini, amevaa tai, ingawa anajua mwoaji haingii. Hata mlango sijafunga, akauliza, "Enhe, posa wameipokeaje?"

Nestor, posa nilisahau kuitaja.