Mama Hasomi Tena Majina ya Leso

Bibi yangu,

Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na humu nyumbani hakuna anayetaka kunisikia nikikasirika.

Ulipotutoka, binti yako aliugua. Daktari alisema ni sonona, akamwandikia vidonge, na Mama anavimeza kila asubuhi bila kukosa. Baada ya muda akaacha kulia, akaanza kulala. Shangazi akatangaza mtaa mzima wa Ndia Kuu: "Dawa zimemkubali!" Lakini Bibi, alikuwa akilala mpaka adhuhuri. Na machozi yalikauka si kwa sababu amepona. Hata kulia kulimshinda.

Kisha tukaenda Biashara Street kununua leso za harusi. Wakumbuka mlivyokuwa, wewe na yeye? Mlifungua doti baada ya doti, mkasoma kwa sauti kila jina lililoandikwa kwenye leso na kucheka, mpaka muuzaji aseme, "Bi mkubwa, hapa ni dukani au chuoni?" Safari hii Mama alichukua iliyokuwa juu ya rundo, akalipa, akatoka. Hakusoma jina! Nilitaka kupiga kelele palepale.

Nilipomwambia Shangazi, akanicheka. "Mtoto wa vitabu, tangu lini ukawa daktari? Dawa yataka subira." Subira, Bibi. Kila mtu ananigawia subira kama peremende.

Siku ya kliniki daktari aliuliza, "Waendeleaje, mama?" Mama akajibu, "Alhamdulillah, nafuu," vile anavyomjibu jirani mlangoni. Daktari akaanza kuandika dawa zilezile. Wanijua mjukuu wako, hata kuagiza mahamri naona haya. Lakini nilisema, "Si kweli." Shangazi akanifinya. Nikaeleza usingizi, chakula kinachorudi jikoni, hata leso.

Daktari akaweka kalamu chini. Akamuuliza Mama upya, polepole. Mama akasema, "Sihisi kitu. Chochote."

Basi amembadilishia dawa na kumtafutia mtu wa kuzungumza naye. Akatuambia majuma yakipita bila nafuu ya kweli, turudi tuseme, tusingoje tarehe ya kliniki. Kwa nini hatukuambiwa hivyo tangu mwanzo?

Shangazi hanisemeshi, ati nimemvua Mama nguo mbele ya watu. Na sijui kama dawa hii itafaa. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ila nakuahidi: isipofaa, nitasema mapema, hata Shangazi anifinye mpaka nibaki na alama.

Mola akulaze pema. Wewe pumzika, Bibi. Binti yako nitamtazama mimi.

Mjukuu wako