Viatu Mlangoni, Walthamstow

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako anakusalimu. Mimi naishiwa pumzi, basi nikwambie ukweli.

Unauliza kama uchukue kazi ya kusambaza vifurushi msimu huu wa baridi. Niliifanya Walthamstow, kwa Waingereza, nikimsaidia dereva, Mtanzania mwenzetu. Mama mmoja wa Kiingereza, kizee, aliniomba nimwingizie boksi sebuleni. Viatu vyangu vilijaa theluji, nikavivua.

Dereva akanifuata ndani akifoka, "Mzee, unatuchelewesha! Hapa msikitini? Kesho usije!"

Yule mama hakujua Kiswahili. Alidhani anafokewa yeye, akatuomba radhi huku akitetemeka.

Mchungaji ananihimiza nisamehe kabla sijafa. Kunifukuza kazi nimemsamehe. Kumtetemesha mama wa watu ndani ya nyumba yake, hapana, sisamehe.

Ichukue kazi, Neema. Na viatu uvue.

Babu yako