Ua la Marehemu Binti Yangu Linakauka na Jirani Nimemfukuza

Mshauri mpendwa, assalamu aleikum, nisaidie maana nimekwama. Mimi ni Fatumo wa Habaswein, shule niliachia darasa la sita, lakini nilimzaa Weris, na wallahi Weris ndiye msichana wa kwanza mtaani kwetu kupata diploma ya kilimo, uliza yeyote stejini atakuonyesha nyumba yetu. Mwaka juzi aliniletea mche wa kichaka cha maua kinaitwa grevilia, asili yake Australia, akasema, "Hooyo, mama yangu, hiki kinapenda jua na udongo maskini, kikishashika mizizi usikisumbue," na kweli, ukame uliniulia mbuzi kumi na mmoja lakini chenyewe kikatoa maua mekundu mpaka madereva wa lori wakawa wanasimama kupiga picha.

Miezi mitatu iliyopita Weris alijifungua mvulana, Abdimalik, damu ikakataa kusimama, akafia njiani tukielekea hospitali ya Wajir. Baba ya mtoto yuko Mandera na ngamia. Jirani yangu Muslimo, naye ana mtoto mchanga, akamnyonyesha mjukuu wangu pamoja na wake bila kuombwa. Mimi uchungu wangu nikaupeleka kwa kile kichaka, kila asubuhi nakipa debe zima la samadi ya mbuzi na maji ya kufulia, mimi ni mama wa kulisha, kwangu hakuna anayelala njaa. Siku moja Muslimo akakitazama akasema, "Kinapendeza kushinda bibi harusi," na mashallah hakusema! Wiki hiyo hiyo majani yakaanza kuungua pembeni. Nikamfukuza mbele ya watu, nikamwambia jicho lake abaki nalo. Akajifunga shuka, akajibu, "Sawa, Fatumo. Hilo ua lako likunyonyeshee mtoto."

Siku ya tisa leo. Nampa mtoto maziwa ya mbuzi na maji, anaharisha, utosi umebonyea, hata kulia amechoka. Ua nalo limebaki tawi moja. Nifanye nini nisipoteze kitu cha mwisho cha Weris?

Mama wa Weris

JIBU

Mama Weris, pole sana kwa binti yako. Sasa nisikilize, na usikasirike.

Barua yako imechukua siku nne kunifikia, na namba uliyoandika haipatikani. Acha gazeti, mbebe Abdimalik, mpeleke hospitali sasa hivi. Utosi uliobonyea si wa kusubiri kesho. Kitu cha mwisho cha Weris ni huyo mtoto, na wewe umeniuliza habari ya majani!

Hakuna jicho hapo. Grevilia imezoea ardhi isiyo na rutuba, samadi inaiunguza mizizi, na sabuni inamalizia. Binti yako msomi alikuambia usiisumbue. Umeiua wewe mwenyewe, kwa mapenzi, lakini ni wewe.

Ukipita kwa Muslimo, mwite muende pamoja, hospitali watamwambia lini amnyonyeshe tena. Usimweleze habari ya mashallah. Sema, "Dada, nimekukosea, nisamehe." Ulimtukana mbele ya watu, basi umwombe msamaha mbele ya watu hao hao. Akikutukana, nyamaza, umpe mtoto.

Ukinipigia, anza na hali ya Abdimalik. Habari ya ua sitaki kuisikia.