Funguo Zilizoshikwa kwa Sababu ya Hela ya Kushusha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nyakato, Mwanza

Jina: Wilhelmina Masatu
Umri: Miaka 47
Kabila: Mkerewe, mzaliwa wa Nansio
Dini: Mkristo
Kazi: Dereva wa lori
Makazi: Igoma, Mwanza
Tarehe na saa: 14/02/2026, saa 3:10 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: WP Koplo Dorcas

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu, na nimeelezwa kuwa nikisema uongo nitaujibia mahakamani. Siku ya tukio nilitoa maelezo ya mistari minne. Naomba haya yachukuliwe badala ya yale. Nimekuja kwa sababu dereva mwenzangu Elias, kijana wa miaka 29, yupo mahabusu tangu Alhamisi. Anadaiwa kuacha gari lake bila kuvuta hendibreki na kuondoka na funguo, gari likambana kibarua. Elias hakuondoka na funguo. Hakuwa nazo.

Naendesha lori mwaka wa kumi na saba huu. Kwa sasa naendesha Fuso ya tajiri mmoja wa Sengerema, naleta mahindi Mwanza. Zamani tulikuwa tunalala Busisi tukisubiri kivuko. Sasa kuna daraja, unavuka kabla chai haijapoa, halafu unakuja kukaa siku nzima kwenye geti la ghala. Muda tunaouokoa ziwani tunaumalizia Nyakato.

Kwenye ghala hilo, ambako afande ameshafika, kuna utaratibu ambao sijui ulitungwa na nani. Ukiingia getini, mtunza ghala anayeitwa Yakobo anachukua funguo za gari lako. Zamu yako ikifika anakupa urudishe gari kwenye jukwaa la kushushia, na ukishazima tu ananyoosha mkono umrudishie. Hazitoki tena mpaka dereva alipe hela ya kushusha, shilingi elfu moja kwa kila gunia, taslimu, bila risiti. Hati yangu ya mzigo imeandikwa wazi kuwa kushusha ni juu ya anayepokea. Nilimwonyesha Yakobo mara ya kwanza, mwaka juzi. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema, "Mama, karatasi haibebi gunia." Vibarua wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitaka kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo nalipa. Sote tunalipa. Penye udhia penyeza rupia, ndivyo tunavyoambiana madereva, kama vile ni jambo la kujivunia.

Nisieleweke vibaya kuhusu vibarua. Wale ni watu wanaobeba kilo mia mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni. Ngosha, ambaye ndiye aliyeumia, aliwahi kuniambia kuwa katika ile elfu moja wao wanapewa mia tatu. Nikamuuliza mia saba inakwenda wapi. Akasema, "Mama, ukiuliza hivyo kesho huitwi kazini." Basi sikuuliza tena.

Mnamo tarehe 12/02/2026, siku ya Alhamisi, majira ya saa 2:15 asubuhi, niliingia ghalani nikiwa na magunia 120 ya mahindi. Uani tulikuwa malori manne. Lililokuwa na zamu ya kwanza ni la Elias, alikuwa na mchele. Yakobo alichukua funguo zangu akazitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi pamoja na nyingine. Mfuko ulikuwa umening'inia kwa uzito.

Majira ya saa 3:20 Elias alirudisha gari kwenye mteremko mfupi wa saruji unaoshuka mpaka kwenye jukwaa. Alivuta hendibreki na akaweka mawe mawili kwenye tairi. Hayo niliyaona kwa macho yangu, tena jiwe moja nilimsaidia kulisogeza kwa mguu. Akazima gari, Yakobo akanyoosha mkono, Elias akampa funguo.

Yalipokuwa yameshashuka magunia kama ishirini, Elias aliniita. "Mama, hebu njoo uone hapa." Nikaenda. Saruji iliyo chini ya tairi la nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imeanza kumeguka. Pale pamepasuka muda mrefu, kila dereva anapajua. Elias akamfuata Yakobo mlangoni. Mimi nilikuwa hatua tano hivi, na walichosema ni hiki:

"Kaka Yakobo, naomba ufunguo nisogeze gari mbele kidogo, chini panameguka."

"Umeshalipa?"

"Tajiri anatuma kwenye simu, haijaingia. Nasogeza nusu tairi tu, kaka."

"Hela ikiingia, ufunguo unatoka."

Mimi nikasema, "Yakobo, mpe kijana, dhamana nakuwekea mimi." Akanijibu kuwa mambo ya dhamana niyapeleke kwenye vikoba vya akina mama wanaokopeshana. Majira ya saa 4:05 alipanda bodaboda akasema anakwenda benki. Koti alikuwa amelivaa.

Elias aliwaambia vibarua wasimame kwanza. Ngosha akasema Yakobo akirudi akawakuta wamekaa atawafukuza wote na kuchukua wengine waliopo getini. Wakaendelea kushusha.

Majira ya saa 4:20 gunia moja liliteleza likaanguka kati ya bodi ya gari na jukwaa. Ngosha alishuka kulitoa. Hapo saruji ikakatika. Gari halikuteremka mbio kama ilivyosemwa. Tairi lilizama, gari likarudi nyuma kama urefu wa mkono hadi kiwiko, likambana mguu wa kushoto kwenye ukuta wa jukwaa. Alipiga kelele mara moja tu. Baada ya hapo alikuwa anaita taratibu, "mayu, mayu." Mimi Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini hilo kila mtu wa Mwanza analijua. Alikuwa anamwita mama yake.

Kilichohitajika ni kuwasha gari na kulisogeza mbele hatua moja. Ni kazi ya dakika moja, hata kwa dereva aliyetoka kupata leseni jana. Elias alipanda akashika usukani, akashuka, akapanda tena, hajui anachofanya. Nikakimbilia gari langu ili nilivute lake kwa mnyororo, na nilipofungua mlango ndipo nikakumbuka. Malori manne, madereva wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuwasha chochote. Funguo zote zilikuwa mfukoni kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe yuko benki. Na sisi wenyewe ndio tuliompa, kila siku, kwa mikono yetu. Nilijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Tulijaribu jeki, ikazama kwenye saruji ile mbovu. Vibarua walipanda kwenye bodi wakaanza kutupa magunia nje ili gari liwe jepesi, mchele ukamwagika uani kote. Tukasukuma, halikwenda. Nikapiga simu. Simu yangu hii hapa, afande ameiona. Nilimpigia Yakobo saa 4:24, saa 4:25 na saa 4:27, hakupokea. Saa 4:31 alipokea. Nikasema, "Yakobo, lete funguo za Elias haraka, Ngosha amebanwa." Akasema, "Ameshalipa?" Nikasema, "Mtu amebanwa na gari, Yakobo!" Akasema, "Mama, mbinu zenu nazijua," akakata simu.

Naomba neno hilo liandikwe kama alivyolitamka. Ameshalipa. Mtu amebanwa kati ya chuma na ukuta, na mtu mzima mwenye watoto anauliza kama ameshalipa. Mimi si mtu wa kulia, nimelala porini na gari bovu bila kulia, lakini simu ile ilipokatika nililia kwa hasira mbele ya watu wote na sikujali.

Yakobo alirudi saa 4:58. Alipoona, uso ulimbadilika, hilo nalisema kwa haki yake. Alimtupia Elias ufunguo. Elias akawasha, akasogeza gari mbele, Ngosha akatoka. Ni dakika thelathini na nane. Tulimbeba kwenye turubai mpaka kwenye bajaji, akapelekwa hospitali. Mguu umevunjika mahali pawili na mpaka leo madaktari hawajasema kama watauokoa.

Yakobo alianza kuturudishia funguo zetu, mmoja mmoja, kimya kimya, kabla gari la polisi halijafika. Aliponipa zangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kesho wa kwanza ni wewe." Polisi walifika saa 5:20. Ufunguo wa Elias ulikuwa kwenye swichi ya gari lake, kwa kuwa ndiyo kwanza ametoka kuwasha, na hapo ndipo uongo ulipopata pa kukaa. Yakobo akasema dereva alikuwa na ufunguo wake muda wote, aliacha gari hivyohivyo akaenda kunywa chai. Elias akabisha, akaonyeshwa ufunguo kwenye swichi. Vibarua walipoulizwa walitazama chini. Siwalaumu, wanachaguliwa kila asubuhi kwa kunyooshewa kidole, na kidole ni cha Yakobo. Madereva wawili walisema hawakuona kitu. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikuwa nyuma ya gari langu na sikuona ilivyoanza. Nilidanganya.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13/02/2026, majira ya saa 1:30 asubuhi, Yakobo aliniita jukwaani mbele ya magari yote. Saruji ilikuwa imeshafunikwa kwa mbao nene, mpya. Kumbe mbao zilikuwepo. Hakuniomba funguo. Magunia yangu yote 120 yalishushwa, akasaini hati, akasema, "Mama, leo hudaiwi." Hela ya kushusha niliyopewa na tajiri ikabaki kwenye pochi yangu. Nikawasha gari nikaondoka. Nilijiambia nina watoto wawili shuleni, nilijiambia ghala hilo ndilo linalonilisha, nilijiambia Elias ni kijana, atatoka tu. Mtu akitaka kunyamaza hakosi maneno.

Leo majira ya saa 2:30 asubuhi nilikuwa napita barabara hii ya kituo. Nilimkuta Selina, mke wa Elias, amekaa nje ya geti na chakula kwenye hotipoti. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia. Akasema, "Mama, Elias aliniambia nikutafute wewe, kwamba ulikuwepo na uliona yote. Jana nilikwenda ghalani asubuhi. Wakaniambia ulikuwepo, umeshashushiwa mzigo, umeondoka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu kwa nini amechelewa kunipata. Nilishindwa kumtazama. Niliegesha gari nikaingia hapa.

Afande ameniuliza kama Yakobo alinipa kitu chochote ili ninyamaze. Alinipa. Gari langu lilishushwa bure, mara ya kwanza tangu nilijue ghala hilo. Ni shilingi laki moja na ishirini elfu. Miaka yote mimi ndiye ninayepiga kelele njiani, kwenye mizani, kwenye vibanda vya chai, kwamba tunalipishwa kushusha mzigo usio wetu, kwamba ni wizi, kwamba madereva wenzangu ni waoga. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kutolipa. Na si kweli kwamba sikulipa. Safari hii sikutoa hela, nilimtoa Elias.

Nimemaliza. Haya niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya, na nipo tayari kuyarudia mbele ya hakimu, Yakobo akiwa amesimama hapo hapo.

Sahihi ya shahidi: W. Masatu

UTHIBITISHO WA MWANDISHI: Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Dorcas, kwa maneno ya shahidi mwenyewe, nikamsomea kwa sauti, akayakubali. Simu yake imekaguliwa. Zipo simu nne kwenda kwa mtunza ghala kwa saa alizozitaja, na iliyopokelewa saa 4:31 ni ya sekunde kumi na tisa. Shahidi aliweka mezani shilingi 120,000 akitaka zipokelewe. Ameelekezwa azitunze mpaka atakapoitwa na mpelelezi. Kuna sahihisho moja. Pale anapoeleza jibu alilolitoa siku ya tukio, nilikuwa nimeandika "sikukumbuka vizuri". Shahidi aliomba kalamu, akayakata maneno hayo, akaandika juu yake kwa mkono wake "nilidanganya", na kuweka sahihi pembeni. Maelezo yamefungwa saa 5:05 asubuhi.