Mwalimu Modesta na Mafiga ya Mama

Mwaka umezunguka, mama Winnie, tangu ulipotutoka Agosti ya 1996. Nyumba ya Mkolani ipo, kuku wako wapo, na wageni bado wanaulizia "kwa Mwalimu" badala ya kwangu. Ninayeandika ni mimi mumeo, Nestory, kwa niaba ya familia. Unajua nilivyo mvivu wa kalamu, nivumilie.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa hisabati. Pale shuleni Igoma uliingia darasani na kamba ya katani yenye mafundo matatu begani, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Watoto watatu walishika kila mmoja fundo lake. "Vuteni, isilegee!" Pande zikikaa sawa unapima pembe kwa kile kipimapembe chako cha mbao: nyuzi sitini, kila kona. Kisha unawatoa uwanjani na kamba ndefu zaidi, na bado ni sitini. Hawakuamini. Walidhani pembetatu ikikua, pembe nazo hukua. "Pande ndizo zimerefuka," uliwaambia, "pembe hazina habari." Darasa likacheka, na somo likaingia.

Wenzako wengi waliacha chaki wakafuata sangara viwandani. Walipokuita nawe, ulisema sangara hawezi kukosa mtu wa kumpima, ila watoto wanaweza kukosa wa kuwafundisha. Tulikutania sana kwa jibu hilo, lakini tulijivunia.

Ualimu wako haukujua likizo, na hapo ndipo ulipojikwaa. Tulikuwa Sengerema kwa mama yangu, Bibi Kija, naye alikuwa shambani. Masalu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba na pembetatu ya pande sawa ilikuwa imemgomea. Kamba uliisahau Mkolani. Ukaingia jikoni, ukang'oa mafiga matatu ya mama, ukayapanga uani, kwanza karibu karibu, halafu mbali zaidi, pande zikiwa sawa. Masalu alielewa palepale, akaruka kwa furaha.

Mama akarudi na kuni kichwani. Wewe ni mtoto wa mjini, hukujua kwamba kwetu mafiga hung'olewa mwenye jiko akishazikwa. Alisimama akiyatazama, kisha akaniambia mimi, si wewe: "Nestory, mkeo amenizika ningali hai."

Ulipiga magoti, ukaomba radhi. Tulipanda kivuko mara nyingi baada ya hapo, ukimpelekea vitenge na sukari. Alipokea na vitenge alivaa. Lakini hakukuita tena "mwanangu". "Shikamoo, mama." "Marahaba, Mwalimu." Basi. Neno ambalo mji mzima ulikuitia kwa heshima, kinywani mwake lilikuwa baridi, nawe lilikuumiza kila mara.

Hata wodini uliniuliza, "Hivi mama amenisamehe?" Nilikushika mkono tu, na siku iliyofuata ukaondoka. Swali hilo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Sasa nikuambie ambacho hukukiona. Wazee walipokaa kupanga mazishi, wengi walitaka uzikwe huku mjini, watoto wawe karibu na kaburi. Mama akasimama. Kule Sengerema, kando ya kaburi la baba, kuna mahali alipojitengea mwenyewe. Amepapalilia miaka yote na hakuruhusu hata mbuzi apite. Akasema, "Atalala pale. Mimi mtanitafutia kwingine." Ngosha, kaka yangu mkubwa, alijaribu kumbishia kwamba pale ni pake. Akamjibu, "Nimempa mwanangu. Unataka nini tena?"

Ndipo ulipolala, Modesta wangu.

Unakumbukwa na mimi mumeo Nestory Mashimba. Wanao Winnie na Nkwabi. Shemeji yako Ngosha na mwanawe Masalu, ambaye sasa yuko sekondari. Walimu wenzako na wanafunzi wa Igoma. Unakumbukwa pia na Bibi Kija, ambaye nimemsomea tangazo hili kabla ya kulipeleka gazetini, akanifutisha neno "mkwe" kila nilipoliandika.

Hatutakusahau kamwe.