Sufuria ya Tatu

Kimemi, Butembo, 4 Machi 2001

Kaka Abdias,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Mama anakohoa tu. Baridi ya Ulaya inakutendea vipi?

Unajua desturi yetu: askari wakija kuiba na kuua, nyumba moja inapiga sufuria, jirani anapokea, mpaka avenue yote, mtaa mzima, inakimbia. Jumanne mtu alipiga bure, aliogopa mbwa. Watu wakachanganyikiwa, wakamkamata muuza chumvi, mgeni, wakamponda mawe mpaka kichwa kikapasuka. Nilikuwepo. Sikuokota jiwe, lakini sikumsaidia pia. Wewe unayesoma mambo ya ubongo, tufanye nini?

Dada yako, Jokébed

Liège, 2 Aprili 2001

Dada mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Kwenye kompyuta ninatengeneza mfano wa ubongo. Kuna seli zinazoamsha jirani zake, na nyingine zinazotuliza. Watulizaji wakipungua, cheche moja inaleta kifafa. Wakizidi, habari inafia njiani. Katikati ndipo ubongo unasikia vizuri. Ninyi hamna watulizaji. Chagueni nyumba chache za watu wapole, zisipige kabla ya kusikia sufuria tatu.

Kaka yako

Kimemi, 6 Mei 2001

Kaka,

Tumeamka salama, na kikohozi kimeisha. Mama ndiye mtulizaji wa kona yetu, anajivuna kweli: “Mimi njo frein ya avenue!” yaani yeye ndiye breki ya mtaa. Mara mbili kelele za bure zimeishia kwake, hakuna aliyeguswa. Asante sana.

Dada yako

Liège, 20 Mei 2001

Dada,

Nisamehe kwa kukosa salamu. Nilikosea. Katika mfano wangu seli hazikuwa zinakufa. Leo nimeziua chache, kama vita inavyofanya, na watulizaji wakabaki kimya wakizingoja hizo zilizokufa. Mama apige akisikia moja tu! Jirani yenu Maliro anarudi huko kesho, nampa barua mkononi.

Kaka yako

Kimemi, 27 Mei 2001

Kaka,

Mama hayupo tena. Maliro alitukuta tukitoka kumzika.

Ijumaa asubuhi tulisikia sufuria mbili. Mama akainua mwiko. “Ile ya tatu iko wapi?” Nikamshika mkono: “Ngoya kwanza, Mama. Abdias alisema tatu.” Ya tatu ilikuwa ya jirani yetu Kitsa, na Kitsa askari walikuwa wamekwisha kumchinja, yeye na watoto wake. Risasi ilipita mlangoni ikamwingia Mama shingoni. Nyuma yetu watu walikuwa bado wanakunywa chai. Wamekufa kumi na wanane.

Nina hasira na wewe, sikufichi. Lakini wewe ulikosea kwenye kompyuta. Mimi nilikosea kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Dada yako