Baba Hajafungwa, na Wala Si Simba

Kwa Mama Blessing, fundi cherehani,
Levolosi, Arusha.
12 Septemba 1993

Mpendwa Baba mdogo Eliasi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya Pasaka, maana sikukuandikia. Hujambo huko Mtwara? Mgongo umepoa? Mama anauliza kama bado unakula samaki kila siku, na nakuambia ukweli, hilo linamsumbua kuliko mgongo wako. Sisi huku wazima. Mvua upande wetu wa mlima ilikuwa ya kubabaisha ila maharage tumevuna, na koko Sinyati bado anawatukana mbuzi asubuhi kwa sauti ile ile, kwa hiyo jua tu kwamba bibi yetu mzima.

Mimi bado niko mjini nashona. Si unajua hakuna aliyenifundisha? Nanunua mitumba, nafumua gauni lote, naliangalia lilivyokatwa, nalishona upya. Sasa hata wake za wachungaji wananiletea vitambaa.

Barua yako imefika. Unauliza kama ni kweli kaka yako amefungwa kwa sababu ya simba. Baba mdogo, hajafungwa. Na si simba, ni duma. Ngoja nikueleze vizuri kabla watu hawajakwambia ni tembo.

Mwaka jana kaka Yiamat alikuwa anachunga kule bondeni, nyasi zimeungua, akakuta mtoto wa duma peke yake, mdogo kama paka, manyoya yamemsimama mgongoni kama mzee aliyetoka kulala. Kesho yake akapita, bado yuko pale pale, mama hajarudi. Akambeba ndani ya shuka. Baba akasema arudishwe. Mama akasema anywe maziwa kwanza ndipo arudishwe. Basi unamjua mama. Akanywa maziwa ya mbuzi mpaka akaota meno. Tukamwita Namelok, yaani mtamu kwa lugha yetu, maana kweli alikuwa mtamu.

Mimi nikawa napanda gari kila Jumamosi nikifunga kazi, narudi nyumbani kumwona. Baba mdogo, yule mnyama analia kama kifaranga. Akiwa na njaa anafanya "pyu, pyu", na kuku wote wanakuja mbio kutafuta mtoto wao. Alilala na wana-mbuzi, akakua nao, na nadhani alijiona ni mbuzi, ila mwenye mbio. Siku mchungaji amekuja kwa ibada ya nyumbani, tumefumba macho tunaomba, tukasikia mngurumo unapanda. Mchungaji akakatisha sala, akamwambia baba, "Mzee Parsimei, lori lako la mahindi limefika." Kumbe Namelok yuko chini ya kiti chake, anakoroma kwa raha. Mchungaji alimalizia sala akiwa amesimama juu ya kiti.

Sasa kosa likatokea hapa. Ikafika siku ya kuwatia alama wana-mbuzi. Baba na kisu, Yiamat anamshikia mmoja mmoja, pengo la ukoo wetu kwenye sikio la kushoto, huyu nenda, huyu njoo. Namelok naye kajilaza katikati ya wenzake. Yiamat akamshika, sijui kwa utani au kwa usingizi, baba akakata. Mkono haukusita. Mama akaweka kibuyu chini.

"Baba Yiamat, umemtia alama duma."

Baba akamtazama yule duma, akatazama kisu. Akasema, "Basi ni wetu."

Wewe unamjua kaka yako. Mpaka siku ile alikuwa anasema ni mgeni wa mama. Toka siku ile ikawa ni mfugo wake. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaja anamtaka kwa ajili ya gesti yake mpya, akawekwe mlangoni kama ua la chungu. Baba hakumpa hata chai.

Habari ikafika kwa bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori. Anaitwa Elirehema Sumari, Mmeru wa Kikatiti, mtu mrefu mpole. Akaja na gari, askari wawili na kizimba cha chuma. Akasema, "Mzee, sheria hairuhusu kufuga mnyama wa porini." Baba akamwita Namelok, akamfunua sikio.

"Wa porini ana alama ya nani?"

"Mzee, unaweza kufungwa."

"Nifunge. Ila ukimtoa mfugo wenye alama yangu bila mimi kukupa, kwetu huo ni wizi, na mimi nitakuita mwizi mpaka kaburini."

Askari walicheka. Bwana Sumari hakucheka. Akasema atarudi baada ya wiki moja, na akirudi atakuja na hati ya polisi. Hapo ndipo watu walipoanza kumfunga baba kwa midomo. Yeye akakaa langoni na fimbo, hali vizuri, halali vizuri, na mama akaanza kupanga nguo zake za gerezani.

Mimi sikuweza kushona. Sindano ilinichoma vidole vyote. Namelok nilimpenda, lakini nilikuwa nimeona pia anavyowatazama watoto wa jirani wakikimbia, na nilijua hawezi kukaa. Ila baba aende jela kwa ajili ya pengo la sikio? Nikamwachia Mama Blessing cherehani, nikaenda ofisini kwa bwana Sumari na miguu yangu. Nikasema kabla sijakaribishwa kiti.

"Shikamoo. Mimi ni mtoto wa yule mzee wa duma. Ukija na polisi atakufa langoni pale. Lakini mwenye mfugo akiombwa, anatoa. Kwani kwenu Kikatiti ng'ombe anaombwaje?"

Akanisogezea kiti. "Marahaba. Wewe binti unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Na mdomo ndiyo sindano?" Akacheka mwenyewe. Kisha akasema taratibu, "Mama yangu ana ng'ombe wawili wamekaa kwa watu mpaka leo. Najua."

Jumapili akaja. Hana sare. Kavaa koti la kanisani, mkononi sukari, majani ya chai, tumbaku na shuka jipya jekundu. Baba akamkaribisha kama hajawahi kumwona. Wakaongea mvua. Wakaongea viazi. Wakaongea bei ya mahindi tangu biashara ifunguliwe. Chai ikapita mara ya kwanza, ikapita mara ya pili, mimi nyuma ya mlango natamani kupiga kelele. Ndipo bwana Sumari akasema, "Mzee, nimeona una mfugo mzuri. Nimekuja kuomba unipe nikutunzie."

Baba akasema, "Mfugo wangu hatoki kwa mkono mtupu."

Bwana Sumari akainuka, akafungua gari. Kizimba ni kile kile, baba mdogo, na ndani yake mbuzi jike mweupe, anakula majani bila wasiwasi.

Na tukiwa bado tunashangaa, Namelok akapanda mwenyewe kwenye gari, akaingia kizimbani, akajilaza kando ya yule mbuzi kama alivyozoea. Hakuna aliyemvuta. Kazi ikawa kumtoa mbuzi, maana ndiye aliyegoma. Mama alilia huku anacheka. Baba aliweka mkono sikioni kwa Namelok, kwenye lile pengo, akasema, "Akizaa, mtoto wa kwanza ni wangu."

"Kwa maneno, ni wako," bwana Sumari akasema.

Sasa yuko kwenye shamba moja lenye uzio mkubwa upande wa Usa River. Na wewe unajua desturi yetu, waliopeana ng'ombe wanaitana Pakiteng, wa kondoo wanaitana Paker. Hawa wawili walikosa jina, basi wakatengeneza. Juzi niko sokoni na baba, nasikia mtu wa serikali anaita toka ng'ambo ya barabara, "Paduma!" na baba yangu, mzee wa kanisa, anainua fimbo juu, "Paduma!" Watu wote wakageuka. Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka aite tena.

Kila mwezi baba anaenda kumtazama. Anamkagua meno kama ndama, anawagombeza watunzaji kwamba amenenepa, hawamkimbizi. Akimaliza anarudi amefurahi.

Wiki iliyopita alirudi hana furaha hiyo. Nilipomwambia nakuandikia, akasema nikuwekee maneno haya kama yalivyo: "Mwambie Eliasi, mimi napanda gari kumtazama duma asiyetoa hata tone la maziwa. Yeye aliniachia mtamba akaenda Mtwara. Amezaa mara tatu. Hajui hata rangi ya ndama zake."

Ni wekundu wawili na mmoja wa madoa, baba mdogo. Wote wana alama yako. Yule wa madoa mkaidi kama wewe.

Koko Sinyati, mama na Yiamat wanakusalimu, na yule mbuzi wa bwana nyama, ambaye amezaa mapacha. Mungu akunyooshe mgongo, na njia ya kuja kwetu aifanye fupi.

Ni mimi mwanao, nakupenda hata usipojibu, ila usijibu, njoo,

Anyesi